Ugonjwa wa kutikisa kichwa Acholi: usubi peke yake unatosha kuueleza?

#1 KandoYaAswa
Wakuu, salaam. Nasema wazi: ugonjwa wa kutikisa kichwa ulioharibu watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, huku Acholi kaskazini mwa Uganda, umeletwa na usubi, yaani ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi weusi. Angalieni tarehe. Ugawaji wa aivamektini, dawa ya usubi, Kitgum na Pader ulianza 2009, mara moja kwa mwaka. Mwaka 2012 ukawa mara mbili, na mwaka huohuo mito ikaanza kutiwa temefosi ili kuua viluwiluwi vya inzi weusi. Baada ya hapo wagonjwa wapya karibu wakakoma kabisa. Anayeshika chanzo kingine aeleze chanzo hicho kiliondokaje palepale dawa ilipoongezwa.

Naliuliza hili kwa sababu bado kuna wazazi wanaoambiwa ni laana au ni sumu ya mabomu. Siku ya ugawaji ikifika, wanafunga mlango.

#2 Takwimu256
Kufuatana kwa tarehe hakuthibitishi chanzo. Mapigano ya jeshi na waasi yalisimama 2006, na kufikia 2009 kambi za waliokimbia vita zilikuwa zinafungwa na watu wanarudi mashambani. Katika miaka ileile chakula kilibadilika, chanjo ya surua ikafika vijijini tena, maji yakabadilika, watoto wakarudi shule. Mambo saba yamebadilika pamoja, wewe umechukua moja na kulipa ushindi wote.

#3 Muuguzi_Pader
Kabla hamjaenda mbali, kubalianeni mnahesabu nini. Kikao cha kimataifa cha Kampala, mwaka 2012, kiliweka ngazi tatu. Anayeshukiwa ni mtu aliyekuwa mzima ambaye kichwa kimeanza kushuka mara kwa mara. Anayeelekea kuwa nao ni yule aliyeanza akiwa na miaka 3 hadi 18, kichwa kinashuka mara 5 hadi 20 kwa dakika, na ana dalili nyingine juu yake: degedege, akili kurudi nyuma, kudumaa, au kichwa kuanza kushuka akiona chakula au akipigwa na baridi. Aliyethibitishwa ni yule ambaye mhudumu aliyefunzwa ameshuhudia tukio lenyewe, au limerekodiwa kwa video au kwa kipimo cha umeme wa ubongo.

Kwa asiyewahi kuona: mtoto ameketi na sahani ya posho (ugali) na maharage. Tonge la kwanza linapita. Kwenye la pili kope zinalegea, kidevu kinashuka kifuani, kinainuka taratibu, kinashuka tena, na mkono umebaki hewani na tonge lake. Ukimwita anaweza kukujibu nusu. Ukiondoa sahani, mara nyingi kinatulia. Watu hudhani ni usingizi. Kipimo cha umeme kinaonyesha ni kifafa cha aina ya misuli kulegea ghafla, shingo inapoteza nguvu kwa sekunde.

Ndiyo maana idadi zinapishana. Serikali ilitaja wagonjwa zaidi ya 3,000, lakini uchunguzi wa kaya katika wilaya tatu ulikadiria kama 1,687 wa ngazi ya pili. Ukichanganya kila mwenye kifafa humo, hesabu inakimbia.

#4 MbioZaPager
Asante sana dada Muuguzi. Hiyo ya sahani ndiyo luc luc yenyewe, kama ugonjwa huu unavyoitwa kwa Kiacholi.

#5 Darubini_Entebbe
KandoYaAswa, usubi nakubali uko karibu na jambo hili, lakini kuna tatizo ambalo hujaligusa. Mnyoo haujakutwa ubongoni. Maji ya uti wa mgongo yamepimwa kwa PCR kutafuta DNA ya mnyoo, haipo. Ubongo wa waliofariki umechunguzwa, hakuna mnyoo wala Wolbachia, bakteria wanaoishi ndani ya mnyoo. Basi mnyoo ulio chini ya ngozi ya nyonga unampiga vipi mtoto shingoni?

Jibu moja lilitoka 2017: mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya mnyoo, na kwa bahati mbaya kingamwili hizo zinashika pia protini yetu iitwayo leiomodini-1, ambayo imo ubongoni. Mwili unajipiga wenyewe. Ni wazo zuri. Ila soma namba: kingamwili hizo zilikutwa kwa wagonjwa 29 kati ya 55, na kwa majirani wazima 17 kati ya 55. Karibu nusu ya wagonjwa hawana, na karibu theluthi ya wazima wanazo.

#6 KandoYaAswa
Darubini, kutokukuta mnyoo ubongoni hakuufuti usubi. Utafiti wa Cameroon uliwafuatilia watoto waliopimwa vipande vya ngozi mwaka 1991 hadi 1993 katika bonde la Mbam. Waliokuwa na minyoo midogo mingi zaidi utotoni ndio waliopata kifafa zaidi baadaye. Kadiri minyoo ilivyozidi, hatari ilizidi, na minyoo ilipimwa kabla ya kifafa kuanza. Hapo Takwimu256 hawezi kusema tarehe zimefuatana tu. Kuna ngazi ya kupanda.

#7 Takwimu256
Huo nauheshimu, ni utafiti mzuri kuliko yote mliyotaja. Lakini ni wa kifafa kwa jumla, na bado hauelezi kwa nini Kitgum.

Kwa Kitgum wenyewe, uchunguzi wa kulinganisha wagonjwa na wazima ulikuta mambo matatu yakisimama pamoja: dalili za usubi, kukaa karibu na silaha na risasi, na kula mizizi iliyopondwa. Watu hutaja la kwanza na kuyaficha mawili. Na mizizi hiyo, nani anajua ililiwa kabla ya ugonjwa kwa sababu ya njaa, au baada yake kama dawa ya mganga? Ukimuuliza mama miaka kadhaa baadaye, hawezi kukutenganishia.

#8 Mahenge_Juu
Hodi kutoka Tanzania. Hoja ya silaha inakwama huku kwetu. Mahenge hakukuwa na vita wala kambi za wakimbizi. Daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto wanaotikisa kichwa kule miaka ya 1960, waasi wa kaskazini mwa Uganda hawajazaliwa. Usubi ulikuwepo, mito ya kasi ilikuwepo. Sumu ya mabomu ilitoka wapi?

Tena kwetu aivamektini iligawiwa miaka mingi mara moja kwa mwaka na maambukizi yakaendelea, kifafa pia. Kwa hiyo KandoYaAswa, usiseme "dawa" tu. Sema dawa mara mbili kwa mwaka, na mto ukishughulikiwa.

#9 Mabira_Jinja
Mahenge_Juu kanitangulia. Hapa hapa Uganda kuna jambo la zamani zaidi. Mwaka 1950 madaktari wawili, Raper na Ladkin, waliandika kuhusu watoto waliodumaa pembezoni mwa msitu wa Mabira: wafupi mno, mgongo umepinda, balehe imechelewa, wengine na kifafa. Ndio Nakalanga. Usubi ulikuwa umejaa Mabira wakati huo.

Na inzi wa Mabira hakuwa yule wa mto Aswa. Kule kaskazini ni *Simulium damnosum*, viluwiluwi vyake hushika majani na mawe kwenye maji yenye povu. Wa Mabira na wa Itwara, msitu wa magharibi mwa Uganda, alikuwa *Simulium neavei*, ambaye viluwiluwi vyake hupanda juu ya kaa wa mto na kusafiri naye. Ukitaka kujua kama inzi yupo hutazami majani. Unatega kaa kwa kipande cha nyama, unamgeuza, unahesabu viluwiluwi kwenye gamba na viungo vya miguu. Kaa wengi wakitoka safi msimu baada ya msimu, ndipo unaanza kuamini. Itwara walifika hapo kwa temefosi na aivamektini pamoja, na kifafa kipya kikapungua.

#10 MbioZaPager
Mabira_Jinja akishashika kaa hatumpati tena leo. Turudi Kitgum.

#11 Mzizi_wa_Tatizo
Mmesahau ubongo wenyewe. Waliochunguza ubongo wa watano waliofariki na ugonjwa huu, wa miaka 13 hadi 18, walikuta protini ya tau imejikunja na kurundikana kwenye gamba la ubongo na shina lake. Kitu hicho tumezoea kukiona kwa wazee na kwa mabondia. Kwa mtoto wa miaka 13 ni jambo zito. Kama ni kweli, kutikisa kichwa ni ugonjwa wa ubongo kuoza wenyewe, na degedege ni matokeo.

#12 Darubini_Entebbe
Mzizi, uchunguzi uliofuata, uliochukua na wenye kifafa cha usubi wasiotikisa kichwa, ulikuta tau kidogo na si kwa wote. Ulichokuta kwa wingi ni makovu ya uvimbe wa zamani. Na tau inaweza kuja baada ya degedege la miaka mingi na kichwa kugonga chini mara mia. Bondia hakuzaliwa na tau, aligongwa.

#13 Mzizi_wa_Tatizo
Kwa wengine sawa, kwa hao watano sidhani. Mpangilio wa tau ulikuwa wa namna moja, si wa kugongwa huku na kule.

#14 Ghala_la_Kambi
Kuna maelezo mengine hamjayataja kabisa: chakula. Kambini watu waliishi kwa nafaka za msaada miaka mingi, magunia yakilowa na kuota ukungu. Ukungu wa mahindi hutoa sumu zinazojulikana kudhuru watoto. Ongeza surua iliyopita kambini. Ongeza vitamini B6, ambayo ubongo ukiikosa unapata degedege. Mtoto aliyepigwa na vitu vitatu, kisha akaumwa na inzi, si sawa na mtoto mzima aliyeumwa na inzi.

#15 Mahenge_Juu
Mahenge hawakula nafaka za msaada.

#16 Takwimu256
B6 ilipimwa. Ilikuwa chini kwa wagonjwa na kwa wazima vilevile, basi haiwatenganishi. Wazo la ukungu limebaki bila kipimo cha maana, kwa sababu mahindi ya mwaka 2003 hakuna aliyeyahifadhi. Lakini kuna hoja kuu ambayo haijajibiwa: usubi umekaa Afrika Magharibi vizazi na vizazi, vijiji vizima vikapofuka, na hakuna aliyeandika kuhusu maelfu ya watoto wanaotikisa kichwa. Kwa nini?

#17 KandoYaAswa
Kwa sababu mbili. Ya kwanza, hawakutazama: kifafa vijijini kilifichwa, na waliotumwa huko walitumwa kwa ajili ya macho. Walipotazama Cameroon na Kongo, walikiona. Ya pili, kiasi cha kuumwa. Vita vilichelewesha ugawaji wa dawa kaskazini. Ng'ombe walikwisha kwa wizi wa mifugo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na inzi aliyekosa ng'ombe anamfuata mtu. Watu wakarudi kulima kando ya mto bila kinga yoyote. Mtoto akapokea minyoo mingi kwa muda mfupi.

#18 Takwimu256
Hiyo ya ng'ombe ni dhana, hakuna aliyehesabu kuumwa kwa miaka ile. Naiweka pamoja na ukungu wa Ghala.

#19 Mgawa_Lamwo
Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji ninayegawa dawa, naomba nilete mambo ya kijijini. Hata mkishinda mjadala, dawa inapotea kwenye mikono. Kipimo ni cha urefu, si umri wala uzito: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja cha miligramu 3, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, 159 na kuendelea vinne. Asiyefika 90 hapewi. Mjamzito hapewi, mama wa wiki ya kwanza tangu kujifungua hapewi, na mgonjwa aliye hoi hapewi.

Yanayoharibika ni haya. Fimbo ya kupimia inachomekwa kwenye udongo laini, inazama, mtoto anaonekana mrefu kuliko alivyo. Watu wanapimwa na viatu. Kijana wa miaka 17 aliyedumazwa na ugonjwa ana sentimita 125, mgawaji anamtazama usoni na kumpa vitatu. Vyake ni viwili. Vidonge vinapelekwa nyumbani "atakunywa jioni", na jioni haifiki. Mtu ameze mbele yako.

Kubwa kuliko yote: wenye kifafa wanarukwa. Familia inaogopa dawa itaamsha degedege, mgawaji naye anaogopa lawama. Matokeo yake yule mwenye minyoo mingi kuliko wote ndiye anayebaki bila dawa, na inzi wanaendelea kuchota kwake.

#20 Muuguzi_Pader
Mgawa umenena. Naongeza ya kuwaambia mapema: muwasho, uvimbe wa uso au miguu, homa na maumivu ya viungo vinaweza kuja ndani ya siku tatu za kwanza. Ni minyoo midogo inayokufa. Mwenye minyoo mingi huumia zaidi. Parasetamoli na dawa ya muwasho hutosha kwa wengi. Asiyeambiwa haya kabla hatakunywa tena mwaka wote.

#21 Kijana_wa_Agago
Swali la haraka. Kwa nini mara mbili kwa mwaka? Dawa moja si inaua minyoo?

#22 Darubini_Entebbe
Haiui mnyoo mkubwa. Inaua minyoo midogo iliyo kwenye ngozi na kuuzuia mnyoo jike kuzaa kwa miezi kadhaa. Kisha anaanza tena, naye anaishi miaka 10 hadi 15. Ukigawa kila baada ya miezi sita unamkuta kabla hajaijaza ngozi tena. Ukigawa mara moja, inzi wanapata nusu ya mwaka ya kuchota.

#23 Mto_Safi
Na mto je? Temefosi ni ghali na inataka watu waliofunzwa. Kuna njia ya panga iliyojaribiwa kaskazini mwetu. Vijana wa kijiji wanatembea ukingoni kutafuta mahali ambapo maji yana kasi na majani yananing'inia ndani. Pale tu, si mto mzima. Wanakata majani na mizizi inayogusa maji na kuitupa ukingoni mbali, ikauke na viluwiluwi vyake. Kuumwa kulishuka kwa zaidi ya asilimia 85 palipojaribiwa. Kasoro yake ni kwamba majani yanaota tena, mvua ikipita lazima mrudi. Na penye miamba mitupu panga halisaidii, kiluwiluwi kinashika jiwe.

#24 MbioZaPager
Maridi, Sudan Kusini, walifanya hivyo hivyo kwenye bwawa. Pale kifafa kilikuwa asilimia 4.4 ya watu mwaka 2018, na inzi wengi walitoka sehemu moja tu, kwenye mteremko wa bwawa. Ukiwa na chanzo kimoja cha inzi kazi inakuwa fupi. Aswa ina vyanzo vingapi?

#25 Mto_Safi
Vingi, na vinahama na kina cha maji. Ndiyo sababu ya kutembea ukingo badala ya kuchora ramani mara moja.

#26 Muuguzi_Pader
Wakuu, hakuna anayetaja walio hai. Waliougua 2010 wana miaka ishirini na kitu sasa. Kinachowaweka sawa ni sodiamu valproeti, dawa ya kifafa, kila siku. Huanzwa miligramu 10 kwa kilo kwa siku, hupandishwa taratibu. Kijana wa kilo 30 akifika miligramu 20 kwa kilo ni 600 kwa siku. Kwa vidonge vya 200 ni kimoja asubuhi na viwili jioni. Vyenye ganda la kuyeyukia utumbo havikatwi wala havisagwi.

Hatari kubwa ni kuisha. Akiba kituoni ikikauka wiki mbili na mgonjwa akaacha ghafla, degedege linakuja mfululizo bila kupumzika, na hilo linaua. Anayeona chupa imebaki ya siku saba aende kituoni siku hiyo, asingoje ya mwisho. Na msimbadilishie kwa kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani: inaweza kuzidisha aina hii ya misuli kulegea.

Degedege likija: mlaze ubavu, ondoa moto na maji karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5, diazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo, isizidi 10, kisha kituoni.

#27 Kijana_wa_Agago
Na wasichana? Wengi sasa wameolewa.

#28 Muuguzi_Pader
Hapo ndipo pagumu. Valproeti inaweza kuharibu uti wa mgongo na akili ya mtoto tumboni. Msichana wa umri wa kuzaa apewe uzazi wa mpango pamoja na dawa, na anayetaka mtoto aonane na daktari kabla ya kushika mimba, si mwezi wa tatu. Huanzishiwa asidi foliki ya miligramu 5 na kutafutiwa dawa nyingine. Lamotrijini ingefaa, lakini vituo vya chini havina. Asiache mwenyewe kwa hofu.

#29 Darubini_Entebbe
Nirudi kwenye swali la uzi. Kama kingamwili zinatokana na Wolbachia ndani ya mnyoo, basi kumuua Wolbachia kungepunguza ugonjwa. Hapa Uganda walijaribu doksisaikilini miligramu 100 kwa siku, wiki sita, dhidi ya kidonge kitupu. Kingamwili za leiomodini hazikupungua. Kwa hiyo ama nadharia ya kingamwili ni dhaifu, ama ubongo ukishaharibika kuondoa mnyoo hakurudishi kitu. Jaribio hilo haliwezi kutenganisha hayo mawili.

#30 KandoYaAswa
Mimi nachukua la pili. Ndiyo maana dawa yake ni kumkinga asiyeumwa bado.

#31 Takwimu256
Basi nipe kinachoweza kukupinga, ndipo nitakuamini. Usubi ukirudi mahali na kutikisa kichwa kusirudi, utasema nini?

#32 KandoYaAswa
Nitasema nilikosea kuuita chanzo pekee. Lakini lazima tupime. Kabla ya kuacha kugawa, watoto wasiopungua 2,000 wa chini ya miaka 10 wapimwe kingamwili ya Ov16, inayoonyesha maambukizi ya usubi, na walioambukizwa wasizidi asilimia 0.1. Inzi 6,000 wachunguzwe pia. Kisha miaka mitatu hadi mitano ya kuangalia.

#33 Mgawa_Lamwo
Upimaji huo uweke na swali la kichwa kwa kila mtoto, kwenye fomu ileile. Tone la damu la Ov16 linachukuliwa kidoleni, mzazi yuko pale pale. Kumuuliza kama mtoto anasinzia akila ni nusu dakika.

#34 Takwimu256
Hilo naliunga mkono bila sharti. Na wapimwe mpaka upande wa pili wa mpaka, Magwi ya Sudan Kusini, maana inzi hasimami kwenye kizuizi cha barabara.

#35 Mto_Safi
Mvua za kwanza zikianza, inzi wanazidi. Kama mnapanga kupima inzi, anzeni kutega sasa.